Lango la Ngazi

Saa moja asubuhi Mwanakombo alimwacha mwanawe amelala juu, akashuka jikoni kuchemsha uji. Alipogeuka kurudi, lango la ngazi likakataa kumfungulia. Kwa sheria, aliyeruhusiwa kupanda ngazi ni yule tu ambaye picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku, ilionyesha upande wa kulia wa moyo wake ukisukuma damu vizuri. Mwanakombo alikuwa na shinikizo la damu mapafuni, linalouchosha upande huo wa moyo. Jana, ndani ya mashine, alishindwa kubana pumzi, na picha ikatoka na ukungu; lango lilikuwa limeipokea asubuhi hiyo.

“Picha ya ukungu huhesabiwa moyo mbovu,” lilisema lango.

“Moyo wenyewe hamjauona! Mwanangu analia huko juu!”

“Pole, mama. Tafadhali pumzika.”

“Pumzika wewe, bati wee!”

Alilipiga teke. Juu, mtoto akanyamaza ghafla. Lango halikufunguka.