Kazi ya Mikono ya Mama

Mwalimu Mkuu alishika ncha moja ya blanketi la viraka, mlinzi wa ghala akashika nyingine, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia. Walikuwa mlangoni pa chumba alichopanga mlinzi. Wapangaji wenzake waliokuwa wakifua uani waliacha kusugua, wakatega masikio.

"Nimepewa, dada," mlinzi alisema kwa upole. "Sikuiba."

"Najua umepewa. Aliyekupa ni baba yangu, na hakuwa na haki hiyo. Hii ni kazi ya mikono ya mama, na mama ana miezi mitatu tu tangu tumzike."

Mlinzi ndiye aliyeachia, akihofia lisije likachanika.

"Basi ukilifua tumia maji baridi, ulianike kivulini. Mzee ndivyo alivyonielekeza. Hata mahali mshono ulipopinda alinionyesha, akaniomba radhi."

Hapo ndipo hasira zilipompanda Mwalimu Mkuu kwelikweli. Kugawa vitu vya marehemu ni jambo moja. Kukosoa mishono yake mbele ya mtu baki ni jambo jingine kabisa. Alilikunja blanketi hovyo, akalitupa kwenye kiti cha nyuma cha gari, akawasha.

Baba yake alikuwa fundi wa malori aliyestaafu. Mtaani walimwita Spana, na kucha zake bado zilikuwa na weusi wa oili ambao hakuna sabuni iliyowahi kuushinda. Kwa watu wa gereji alikuwa mtu wa nguvu na maneno machache. Mkewe ndiye aliyesifika kwa mablanketi. Yalitokana na nguo kuukuu, mapazia na suruali za kazi, kiraka kwa kiraka, yote kwa mkono, mpaka mtu akiyaona anasahau kwamba yalikuwa matambara. Wageni walipomsifu, mama alicheka, akamtupia mumewe jicho, akaanzisha mazungumzo mengine. Hakushona mbele ya mtu. Alisema akitazamwa mkono unamtetemeka. Na watoto wake walikwenda shule na pindo za sare zimebanwa kwa pini, kwa sababu mama, walivyoambiana wenyewe, alikuwa amebanwa na mablanketi.

Kila mtoto alipooa au kuolewa alipewa moja. Yaliyobaki yalijaa kwenye sanduku la bati chumba cha nyuma, na sasa Spana alikuwa akiyatoa kwa watu asiowajua hata ukoo. La kwanza alimpa muuguzi. La pili, mshona viatu wa kona. Hili la mlinzi lilikuwa la tatu.

Wiki iliyopita binti alikwenda kumkabili.

"Baba, unagawa urithi wetu kama peremende."

"Natafuta nyumba zitakazoyathamini. Naingia, naomba maji ya kunywa, natazama wanavyotunza vitu vyao vya zamani. Nikiridhika, natoa."

"Na sisi watoto wako?"

"Nilikwenda kwa kaka yako. Mbwa wake amezalia juu ya lile la harusi. Niliacha chai mezani, nikaondoka." Kisha akamkazia macho. "Lako liko wapi?"

"Lipo."

"Lipo wapi?"

Lilikuwa kwenye buti la gari, chini ya jeki na dumu la maji. Mwalimu Mkuu hakuzoea kuulizwa maswali. Yeye ndiye aliyeuliza, shule nzima ikajibu. Kwa hiyo alishambulia. Alisema mama angekuwa hai angemwonea aibu.

Spana alipiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka. Tangu utotoni binti hakuwahi kumwona akipiga kitu.

"Usimtaje mama yako kwenye hili," alisema, na sauti ilikuwa imemkauka. "Katika nyumba hii aliyeyapenda ni yeye peke yake."

Maneno hayo binti alikaa nayo wiki nzima. Leo angeyamaliza. Alikuwa amekwishampigia kaka yake aje na pikapu. Sanduku lingeondoka lote, na mzee akitaka kununa, anune.

Alikuta mlango wa mbele wa nyumba ya baba yake uko wazi na redio inasoma taarifa ya habari kwa viti vitupu. Alipita sebuleni bila kuvua viatu. Chumba cha nyuma kilikuwa kimefungwa kwa ndani.

"Baba, fungua. Nachukua sanduku."

Akagonga kwa ngumi.

"Sitarudia. Kaka yuko njiani. Umetoa matatu, la nne hulitoi."

"Nenda nyumbani," sauti ilisema kutoka ndani. "Nina kazi."

"Kazi gani? Ya kumtoa mama kipande kipande humu ndani?"

Hasira zote za miezi mitatu, za hospitali, za mazishi, za kimya cha huyu mtu ambaye hakulia hata makaburini, zilimshukia begani. Alisukuma mara moja. Mara ya pili komeo liling'oka na misumari yake.

Spana alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, uzi ameubana kwa meno. Mapajani alikuwa ametandaza blanketi ambalo binti hakuwahi kuliona, limefika nusu, na kila kiraka kilikuwa cha gauni la mama. Vidole vile vyeusi vilizamisha sindano, vikaivuta, vikaizamisha tena, haraka, bila kupapasa.

"Funga mlango," alisema pasipo kuinua macho. "Mtu akipita akaniona, mama yako hayupo tena wa kusema ni kazi yake."