Siku ya Mapumziko Isiyofika

Kwa mwezi mzima sasa, siku ya mapumziko ilikuwa haijafika kiwandani. Nje ya ukuta watu walisali na kupumzika kama kawaida. Ndani, cherehani ziliendelea kunguruma.

Awali mapumziko matakatifu yalianza jua lilipozama, na hakuna mshonaji aliyethubutu kugusa kitambaa. Walimwogopa Mungu kuliko kufukuzwa kazi. Mwenye kiwanda alipoona oda zinachelewa, alimwendea kiongozi wao wa dini, akamweleza kwamba dunia imebadilika. Kiongozi akafumba macho, akafunua vitabu, akatoa uamuzi: penye mashine, mapumziko hayaletwi na jua bali na ukimya. Mashine zote zikizimwa, siku takatifu imeanza, na ni dhambi kuziwasha kabla ya kesho yake. Sehemu hiyo ya mwisho aliikaza kwa hiari yake, asije akaonekana amelegea. Wiki hiyohiyo ofisi yake ikafungwa kiyoyozi kipya.

Tangu hapo zamu zilipokezana, na mashine hazikuzimwa.

Mshonaji wa vifungo, ambaye mama yake alikuwa amelazwa na hali yake inazidi kuwa mbaya, aliomba ruhusa ya kwenda kumwona. Msimamizi akamjibu kwamba angekwenda siku ya mapumziko.

"Basi mtaonana peponi, shoga," jirani yake alimnong'oneza. "Mungu wa siku hizi ana swichi, na anayeishika ni bosi."

Asubuhi moja kiongozi alikuja kuwapongeza kwa utii wao. Mshonaji akamwahi mlangoni.

"Baba, mama yangu hawezi kunisubiri."

"Sheria haina mama, binti yangu," alijibu, akipangusa vumbi la pamba kwenye joho lake. "Mimi siwezi kuongeza wala kupunguza neno."

Akapanda juu ya meza, akaanza kuhutubu. Hakuna aliyemsikia. Akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, ngurumo ikammeza. Walioketi mbele walimtazama akifumbua na kufumba mdomo kama samaki. Mtu aliyezoea kusikilizwa havumilii fedheha ya namna hiyo. Akamgeukia fundi umeme, akamwamuru azime mashine zote, mara moja tu, watu wamsikie.

Ukumbi ukanyamaza.

Kiongozi akatabasamu, akakunjua mikono. Mshonaji wa vifungo alikuwa amekwishavua aproni.

"Mapumziko mema, Baba," alimwambia kwa adabu, na ukumbi mzima ukasimama kumfuata.