Bibi wa Ukutani

Siku hizo msanii akitunukiwa nishani, sauti yake ya ujanani ilitiwa katika kuta za kila nyumba nchini. Adelina Mkwizu, mwimbaji mashuhuri wa opera, alivishwa yake na waziri aliyesinzia hafla nzima.

Jioni mjukuu wake alilia. Adelina akampakata, akaanza kumwimbia. Mkwewe akakunja uso.

"Mama, pumzika. Ukuta utamwimbia kwa sauti yako halisi."

"Halisi!" Adelina akasonya. "Nimezaa binti, nikamwoza kwa kiziwi."

Akazidi kuimba, sauti ikikwaruza. Mkwewe akagusa ukuta, nao ukaimba bila dosari. Mtoto akanyamaza, akajinasua kutoka mapajani mwa Adelina, akaunyooshea ukuta mikono.

"Bibi," akauita.