Ndoo ya Funza

Kifuniko cha ndoo kilikwaruza kabla hakujapambazuka, na uvundo ukamfikia Bibi kitandani. Afadhali alishamwita mwalimu aje aiondoe.

Jikoni alimkuta mjukuu wake, Kelele, aliyewahi kusimamishwa shule kwa ngumi zake, akiwalisha funza maganda yaliyooza. Ulikuwa mradi wa darasa, chakula cha kuku. Tangu akabidhiwe ndoo hiyo hakuwa amempiga mtu.

"Shika huyu, Bibi. Taratibu, usimuumize."

Bibi akamtazama. Kisha akafungua kiganja. Funza akafurukuta humo, baridi, mwenye utelezi kama kamasi.

Mwalimu alipofika, Bibi alikuwa bado ananawa kwa sabuni.

"Iache ndoo," alisema. "Ila uje tena kututembelea, mwanangu."