Kisahani cha Wifi

Viinitete bandia vilielea kwenye kisahani kilichoandikwa "Wifi". Hakuna hata kimoja kilichonata.

Mtafiti aliinua jicho kutoka kwenye hadubini. Alikuwa amechukua damu ya mke wa kaka yake, na yake mwenyewe kwa kulinganisha, akazirudisha seli utotoni zikawa seli shina, kisha akaziotesha ziwe ukuta wa kizazi. Katika kisahani cha pili, kisichoandikwa kitu, viinitete vilikuwa vimejichimbia ukutani kama kupe. Alirudia jaribio. Jibu lilikuwa lilelile, naye hakuwa mtu wa kubishana na jibu.

Nyumbani walimngoja sebuleni: mama yake, kaka yake, na mchumba wake aliyekuwa karibu kumwoa. Mke wa kaka alikuwa akimimina chai.

"Kizazi chake kinakataa mimba," mtafiti alisema.

"Si nilisema!" Mama alijipiga paja. "Tunalisha, tunavisha, kumbe tumefuga jiwe!"

"Mama, taratibu," kaka alisema, bila kumtazama mkewe.

"Taratibu mpaka lini? Leo hii arudi kwao."

Mchumba alicheka. "Mama kasema kweli. Ningekuwa mimi, hata hiyo chai asingeimaliza kumimina."

Mtafiti alicheka naye. Aliwapenda wanaume wasiozunguka mbuyu. Kaka aliinamisha kichwa, na hilo likawa jibu lake.

Mke aliweka birika chini, akaenda chumbani. Mtafiti alimfuata, akaacha mlango wazi.

"Usinichukie, wifi. Maabara haijui undugu."

"Sikuchukii." Alikuwa akikunja gauni, akilipanga begini. "Ila damu zilikuwa mbili. Huenda zilichanganyika?"

"Zichanganyike vipi? Yako ina jina."

"Jina gani?"

"Umesahau? Mimi nilikuwa nimevaa glavu, nikakupa kalamu. Nikakwambia, kichupa kimoja andika 'Wifi', kingine kiache hivyo hivyo."

Mkono wa mke ulitulia juu ya gauni. Sebuleni, mchumba alikuwa akimsimulia mama kisa kingine cha mwanamke tasa, na mama alikuwa hoi kwa kicheko.

"Nikaandika," mke alisema, kwa sauti iliyofika mpaka sebuleni. "Kwenye damu ya wifi yangu."