Kumtembeza Bibi

"Hapa ndipo nilipozalisha mapacha," Bibi alisema, amesimama katikati ya duka la simu. "Pale kwenye kaunta palikuwa na kitanda."

Muuza simu alicheka. Bibi hakucheka. Alikuwa mkunga wa mtaa huu tangu barabara ikiwa vumbi tupu, na karibu kila mlango ulikuwa na mtoto aliyepita mikononi mwake.

Mjukuu wake akakiweka sawa kinasa sauti kidogo alichokibana kwenye kola ya gauni la Bibi. "Endelea, Bibi. Mama yao alikuwa nani?"

Msichana huyo alikuwa chuo kikuu, akisomea mambo ya jamii, na nyumbani walimwita Profesa. Yeye ndiye aliyeleta habari kwamba siku hizi watafiti hawamkalishi mtu kitini na kumtwanga maswali, wanatembea naye. "Mtu akikaa anajibu," alisema. "Akitembea anakumbuka."

Mwanzoni Bibi alikataa. Tangu agombane na wanawe wawili, mmoja wao baba wa Profesa, waliotaka nyumba iuzwe, hakuwa amevuka geti. Akiulizwa, alisingizia magoti. Lakini Profesa alilelewa na yeye mwenyewe tangu akiwa mchanga. Angemkatalia vipi?

"Baba yako anajua tumetoka?" aliuliza walipoingia kichochoro cha mafundi viatu.

"Hajui, Bibi. Hii ni siri yetu."

Basi moyo ukatulia, na mdomo ukafunguka. Alionyesha ngazi alizozipanda gizani mvua ikimwagika. Alionyesha ukuta alioegemea akalia, siku mtoto wa fundi saa alipozaliwa kimya.

Fundi viatu mmoja mwenye kipara akainuka kumwamkia. "Shikamoo, mama! Umetupotea kabisa!"

"Marahaba. Wewe ulizaliwa umetanguliza miguu, ndiyo maana ukaishia kwenye viatu."

Wenzake waliangua kicheko mpaka nyundo zikasimama.

Jua likaanza kuchoma. Bibi akasema imetosha, warudi. Profesa akatazama simu yake.

"Tupitie sokoni, Bibi. Bado kidogo tu."

Wakapitia sokoni. Safari hii magoti yaliuma kweli, lakini Bibi hakulalamika. Nani mwingine aliwahi kumsikiliza namna hii? Wanawe wakija, walikuwa wakizungumza wao kwa wao, wakipima kuta kwa macho. Akaubana mkono wa mjukuu wake.

"Haya yote sijamwambia hata baba yako. Nikiondoka duniani, yawe yako."

Profesa akageuza uso, akafuta macho kwa kiganja. Bibi akampapasa mgongo. Mtoto ana moyo laini huyu, tangu utotoni.

Walipokaribia nyumbani, Profesa alimkalisha kwenye benchi nje ya saluni, akamnunulia maji baridi, kisha akasogea pembeni na simu sikioni. Alimpa Bibi mgongo. Bibi akanywa taratibu, akiwaza kesho ampeleke upande wa reli, ambako kulikuwa na mengi zaidi ya kusimulia. Magoti yalikuwa yamechoka, lakini masikio yaliyozoea kusikiliza mapigo ya moyo tumboni mwa wanawake yalikuwa mazima.

"Baba, nimemzungusha vya kutosha, amechoka," Profesa alinong'ona. "Kufuli mmeshabadilisha?"