Fyuzi ya Wakaguzi

Bolti ilimuunguza kidole kabla hata hajaishika vizuri.

Mlinzi wa zahanati aliruka nyuma, akagonga kisogo kwenye rafu ya betri za sola. Harufu ya plastiki inayoungua ndiyo iliyomtoa getini mbio, na sasa alikiona chanzo chake. Pale pa kukaa fyuzi kubwa, betri zote zinapoungana na waya mnene kama mkia wa ng'ombe, palikazwa bolti. Bolti ya gari! Fyuzi ikizidiwa hukatika, umeme ukasimama. Bolti haikatiki. Kinachoungua ni nyumba.

Na nyuma ya ukuta ule ndiko alikolazwa binti yake, puani ana mpira wa mashine ya oksijeni.

Shule hakufika mbali, lakini hayo aliyajua. Alifundishwa na fundi wa zamani, yule mbishi aliyebandika utepe mweupe kwenye kila kitu alichofunga au kukifungua, akaandika siku na saa. "Kichwa husahau," alikuwa akisema, "utepe hausahau." Walimfukuza Jumatano moja mwaka jana, siku moja tu baada ya mke wa mlinzi kukata roho wodini saa tano kasoro robo asubuhi. Wanaojua kazi ndio hufukuzwa. Wanaojua kusaini hubaki.

Moshi mwembamba ukaanza kupanda. Mlinzi akashusha swichi kuu. Feni zikanyamaza. Upande wa pili wa ukuta mashine ikalia mara moja, ikakata.

"Nani kazima?" nesi alipiga yowe.

"Mimi! Betri zinataka kuwaka! Mwanangu atahimili?"

"Nimemhamishia mtungi mdogo. Una dakika kumi tu, baba. Kimbia!"

Alikimbia. Mkuu wa zahanati alikuwa ofisini, anajipepea kwa faili.

"Nipe fyuzi, Mkuu. Ile ya kabatini."

Zahanati nzima iliijua. Ilikaa ndani ya boksi lake zuri, nyuma ya kioo, chini ya picha za wakubwa. Wakaguzi walipokuja walionyeshwa boksi, wakatikisa vichwa kukubali, wakasaini, wakanywa soda, wakaondoka. Hakuna aliyewahi kulifungua. Hakuna aliyeuliza kwa nini fyuzi inalala kabatini kama bibi harusi.

"Hiyo ni ya wakaguzi," Mkuu alisema. "Tumeihifadhi isiibwe. Mpya kabisa."

"Binti yangu yuko kwenye kitanda kilekile alichofia mama yake!"

"Na mama yake nilisimama naye mimi mwenyewe. Si nilikwambia makaburini? Mashine haikuzimika hata dakika moja. Siku zake zilikuwa zimefika, mzee wangu. Nenda kawashe."

"Niwashe bolti?"

"Washa! Hiyo ni amri."

Mkuu alisimama, akajibanza mbele ya kabati kama kuku anayelalia mayai. Aliliacha faili lianguke, akashika mlango wa kabati kwa mikono yote miwili. Mlinzi alishangaa. Huyu anaogopa nini, naye ofisi yake iko mbali na betri?

"Sogea, Mkuu."

"Utafungwa wewe!"

"Nifungwe, lakini mwanangu awe hai."

Alimsukuma kwa bega. Rungu lake likapanda, likashuka, kioo kikamwagika sakafuni. Mkuu hakuita askari. Hakuita mtu. Alikaa tu chini, palepale kwenye vipande vya kioo, akaziba uso.

Kutoka koridoni sauti ya nesi ilikuja, imepasuka: "Zimebaki nne, baba!"

Vidole vya mlinzi vilikuwa na damu. Alirarua boksi, akaitoa fyuzi, akaielekeza dirishani. Katikati ina kijidirisha cha kuonea ukanda wa chuma ulio ndani.

Kijidirisha kilikuwa cheusi tii. Ukanda ulikuwa umekatika.

Aliigeuza. Mgongoni palibandikwa utepe mweupe, wenye mwandiko wa kupinda alioujua:

"Imekatika Jumanne, saa nne na nusu asubuhi. Wodi yote imezima. Hatuna nyingine."